Jozi Thelathini na Moja

Kazi yangu melini ilianza na viatu. Meli yenyewe ni chombo cha chuma cha enzi za wakoloni. Zamani kilivuta matishari ya katani kutoka gatini Tanga hadi kwenye meli kubwa zilizotia nanga nje, maana bandari yetu ina kina kifupi. Kazi ilipokwisha kililazwa matopeni, kikashika kutu na chaza. Miaka ikapita, mpaka mzee mmoja aliyekuwa baharia wake ujanani akastaafu, akakinunua pamoja na wenzake, akakifufua. Walikwangua kutu miaka mitatu. Sitaha mpya ya mvule ilipigwa randa na kupakwa mafuta kwa mkono, na ilipokwisha yule mzee, ambaye sasa ndiye nahodha wetu, alitangaza kwamba hakuna kiatu kitakachoikanyaga. Ukipanda unavua, kama msikitini. Seremala akatengeneza rafu ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, ikawekwa pale ngazi inapoishia, na mimi nikaambiwa niisimamie. Kuwaeleza wageni historia na kuwapakulia pilau kulikuja baadaye.

Huwa tunatoka asubuhi, tunakizunguka kisiwa cha Toteni, halafu maji yakiwa yametoka vizuri tunatia nanga karibu na fungu la mchanga, watu wateremke wapige picha, na tukirudi tunapita mbele ya mnara wa taa wa Ulenge. Fungu hilo lipo kwa saa chache tu. Maji yakijaa, hata ndege hana pa kutua. Kwa hiyo kabla ya kuondoka lazima ujue watu wako wote wamerudi, na hapo ndipo nilipopata shida tangu mwanzo.

Safari za kwanza nilihesabu kwa kidole. Bwana mmoja wa Pangani akanitolea macho. "Watuhesabu? Tushakuwa kuku?" Alikuwa na haki yake. Kwetu watu hawanyooshewi kidole wakahesabiwa, ni kuwatakia upungufu, na mimi nimelelewa na katazo hilo. Mama yangu mpaka leo ukimuuliza ana watoto wangapi atakujibu, "Wapo, alhamdulillahi." Nikahamia kwenye kuita majina. Hapo nikagundua kwamba watu wetu wana huruma iliyopitiliza, kila mmoja huitikia kwa niaba ya mwenzake. Naita jina, sauti tatu zinajibu, "Yupo!" na mwenye jina namwona kule mchangani anajipiga picha na mgongo kautupa kwetu.

Basi nikaanza kuhesabu viatu. Mtu akiteremka anachukua vyake rafuni, akirudi anavirudisha. Rafu ikifikisha idadi ya asubuhi, tunang'oa nanga. Viatu havina kinyongo na havimwitikii mtu. Nahodha alifurahi, akasema hiyo ndiyo akili ya watu wa pwani, na mimi nikavimba kichwa kidogo.

Lazima niseme pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango wangu Chumbageni narudi kuutikisa, nikifika njia panda narudi tena kuangalia mtungi wa gesi. Fundi wetu wa injini, mtu wa mizaha, huniambia hata meli ikiwa imefungwa gatini nauliza kama itazama. Na wasiwasi wangu mkubwa kuliko wote ulikuwa mama. Ana zaidi ya miaka sabini, anaishi peke yake Tongoni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Ndugu zangu wako Dar na Arusha, mimi ndiye wa karibu. Nilikuwa nampigia simu mara nne kwa siku. Asipopokea mara mbili, namwona kaanguka kisimani, kalala chini, kuku wanapita juu yake. Kisha anapiga mwenyewe, anasema alikuwa msalani.

Kisha mwaka mmoja aliteleza kweli kisimani, akateguka mkono. Nikaona basi, imetosha, ahamie kwangu. Yeye hakutaka kabisa. Tulibishana wiki nzima kwenye simu, na nilipoona maneno hayafui dafu, nikatumia hila. Nikamwalika aje akae siku tatu, nikamnunulia ndala mpya za ngozi zenye ua la shanga juu, nikamwambia Jumapili atapanda meli yetu bure na atakaa kiti cha mbele. Nilitaka aone jinsi maisha ya mjini yalivyo mazuri. Nilitaka aone pia jinsi watu wanavyoniheshimu melini, labda atanisikiliza.

Jumapili ile tulikuwa na abiria thelathini na mmoja pamoja naye. Mama alipanda ngazi taratibu, akamwamkia nahodha kwa utani kwa kuwa wao ni rika, akavua ndala zake, akazipangusa kwa ncha ya kanga, akaziweka mwenyewe katika chumba cha chini kabisa, zikitazama ukutani. Nikazihesabu. Jozi thelathini na moja.

Alifurahi mno. Aligusa kila kitu cha shaba, akakaa karibu na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyetoka Muheza na mkewe, na kabla hatujaipita Toteni alikuwa keshajua ukoo wa mwalimu, magoti ya mkewe na bei ya mahindi kwao. Mimi nilishika spika nikieleza habari za katani na matishari. Nilipomaliza nikaona ndiyo nafasi. Nahodha alikuwa amemwachia fundi usukani kidogo, amesimama karibu nasi na kikombe chake cha chai. Nikasema kwa sauti ya kuchekesha, ili wasikie, "Mama, si unaona? Ukihamia kwangu utakuwa unapanda meli kila Jumapili."

Mama akageukia watu. "Huyu mwanangu ataka kunitundika ukutani kama kalenda," akasema. "Kalenda nayo mwaka ukisha huteremshwa."

Watu wakacheka. Nahodha akacheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu alicheka, mkewe akacheka, na mimi nikahisi uso unawaka. Nilikuwa sijalala vizuri usiku mbili kwa kumsikiliza anavyokohoa chumba cha pili. Nilimwinamia, nikamwambia kwa sauti ya chini lakini ya ukali, "Haya, kaa hukohuko Tongoni. Siku ukianguka, usiniite."

Alinitazama tu, kisha akageuza uso kuangalia maji. Nilitamani kulirudisha lile neno papo hapo, ila hasira ilikuwa bado ya moto, na mimi nikiwa na hasira sipendi kusimama karibu na niliyemkosea.

Tulitia nanga karibu na fungu kwenye saa nne na nusu. Ilikuwa bamvua, maji yametoka sana, fungu limelala refu na jeupe, limeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, kiasi kwamba ukisimama upande huu mtu aliyeinama upande wa pili humwoni. Meli haiwezi kusogea pale, kwa hiyo tunavusha watu kwa boti ndogo, kumi kumi. Kawaida mimi hubaki juu mpaka mtu wa mwisho achukue viatu vyake, ndipo nateremka. Siku hiyo nilishuka na boti ya kwanza. Nilimwambia fundi kwamba nataka kutandika mikeka mapema kwa sababu ya jua. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia mama.

Nilitandika mikeka, nikagawa juisi ya ukwaju. Niliiona boti ya tatu ikimleta, nikageukia kijagi changu nikawa nakikoroga ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Nilipoinua macho alikuwa anatembea kando ya maji, kanga moja kaifunga kiunoni, anainama na kuinuka. Nikajua ameona kome. Wanawake wa Tongoni hawawezi kuona maji yametoka wakakaa kitako, mikono huwawasha. Nikasema moyoni, muache ajiokotee, hasira zitamtoka. Sikumtazama miguu.

Saa sita maji yakaanza kugeuka. Nikapiga filimbi, watu wakakusanyika, boti ikaanza kuwarudisha. Nilirudi na boti ya tatu kwa sababu pilau ilihitaji kupakuliwa, na fundi akarudi na boti kuchukua waliosalia. Baadaye aliniapia kwamba aliuliza, "Mmekwisha?" na wale waliokuwa ndani ya boti wakamjibu kwa pamoja, "Tumekwisha!" Namwamini. Watu wetu wako hivyo, hakuna anayetaka kuwa yule anayechelewesha safari.

Nikasimama kwenye rafu. Nilihesabu kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama ninavyotikisa mlango wangu. Jozi thelathini na moja mara zote mbili. Nikampungia nahodha mkono, nanga ikapanda, injini ikaunguruma, tukaelekea Ulenge. Kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua.

Nilikuwa katikati ya maelezo ya mnara wa taa, spika mkononi, yule mwalimu wa Muheza aliponisogelea na chupa mbili za soda. Akasubiri nimalize sentensi. "Dada, mama yetu kapumzika wapi? Nilimuahidi soda ya tangawizi."

"Yuko chini," nikamjibu, "chumbani, kivulini."

Nilijibu vile bila kufikiri, kwa uhakika wote, kwa sababu viatu vilikuwa vimetimia. Hata sikuuliza moyo wangu nilimwona lini mara ya mwisho. Mwalimu akateremka chini. Nikaendelea na mnara wangu. Akarudi na soda zote mbili.

"Chini hayupo."

"Basi yuko nyuma, kwenye choo."

"Nimegonga. Hakuna mtu."

Nakumbuka spika ilikuwa bado imewashwa, na watu wote wakanisikia nikisema, "Subiri." Nikaenda mbele, hayupo. Nikaenda nyuma, hayupo. Nikachungulia chumba cha injini ambako mtu mzima mwenye akili zake hawezi kwenda kukaa, hayupo. Kisha nikaenda kwenye rafu. Viatu vyote vilikuwa na mchanga, vimelowa, vinachuruzika. Kwenye chumba cha chini kabisa ndala za mama zilikuwa kavu, safi, ua la shanga linang'aa, zinatazama ukutani vilevile alivyoziweka asubuhi.

Alikuwa ameteremka peku. Nilizihesabu mara mbili, wala sikuzitazama.

Sijui nilifikaje kwa nahodha. Najua nilimshika mkono wa shati. Akauliza, "Si ulihesabu?" Nikasema nilihesabu. Hakuniuliza la pili. Alizungusha usukani wote, meli ikainama, sahani za pilau zikateleza sitahani juu ya mvule wake, na hakuzitazama. Akazungumza na fundi kwa lile bomba la shaba la zamani liendalo chumba cha injini, ambalo siku zote huwa tunalionyesha kwa wageni kama kichekesho. "Mpe moto wote."

Fundi akajibu kutoka chini, "Mzee, hii mashine haikimbizwi."

"Mpe."

Ilikuwa saa saba na robo. Tulikuwa tumeondoka saa sita na nusu. Nikapiga hesabu ambayo hadi leo huniamsha usingizini: dakika arobaini na tano za kwenda, dakika arobaini na tano za kurudi, na bamvua maji yakianza kuja hayaji kwa adabu. Mama hajui kuogelea. Amekaa na bahari maisha yake yote, ameila, ameioga, lakini ya kupita kiunoni hajaiingia. Simu yake nilikuwa nayo mimi, kwenye mkoba, nilimshikia asije akailowesha.

Watu walielewa mmoja mmoja. Mkewe mwalimu, Mlutheri, alifumba macho akaanza kuomba, midomo ikicheza. Akina mama wawili wa Kiislamu kutoka Chumbageni wakaanza kusoma Ya Latifu kwa sauti ndogo. Jamaa mmoja akainua simu kunirekodi. Nilimwendea nikamwambia asipoishusha nitaitupa baharini na yeye aifuate, na sauti iliyotoka sikuijua kuwa ni yangu. Akaishusha.

Hasira yangu kwa mama ilikuwa bado ipo. Hilo naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimkasirikia kwa kuteremka peku, kwa kuinama upande wa pili, kwa kutokuwa na adabu ya kukaa na wenzake. Kisha nikakumbuka nilichomwambia asubuhi, nikachuchumaa pale kwenye rafu nikishika mbao. Nilikuwa nimemwogopea kisima miaka mitatu. Nilimwogopea bodaboda, nyoka, presha, mafuta ya taa. Siku niliyomweka ndani ya meli yangu, chini ya macho yangu, sikumwogopea hata kidogo.

Mashine ilianza kutoa harufu ya moto. Fundi akapiga kelele kwamba joto linapanda. Nahodha akakunja uso, akamwambia apunguze kidogo, na meli ikapunguza, na mimi nikahisi kila mzunguko uliopunguzwa. Nilitaka kumwambia asipunguze. Nilitaka pia meli isitufie katikati ya maji tukabaki tunaelea huku yeye amesimama peke yake. Sikujua niombe lipi, nikaomba yote mawili.

Mwalimu ndiye aliyemwona. Alikuwa amepanda juu ya sanduku la kamba. "Kule!" Nikatazama, sikuona fungu. Lilikuwa limekwisha. Palikuwa na maji tu, rangi yake tofauti kidogo na mengine, na katikati yake kitu cheusi kimesimama wima. Kikainua kitambaa. Kanga.

Nahodha akaisogeza meli mpaka nikasikia tumbo lake likikwaruza mchanga, jambo ambalo kwa miaka yote aliapa halitatokea. Nilirukia boti ndogo kabla fundi hajaishusha vizuri, nikajigonga goti kwenye ukingo. Mwalimu naye akaingia. Tulimfikia maji yakiwa yamempita kiuno. Alikuwa ameupata mgongo wa fungu, akasimama pale pa juu kabisa, miguu ameipanua, kanga moja kichwani, nyingine mkononi anapungia, na shingoni amefunga furushi. Tulipomvuta ndani furushi likafunguka, kome wakamwagika miguuni mwetu.

Nilimkumbatia nikaanza kumgombeza hapo hapo. Kwa nini hakuvaa viatu? Kwa nini?

"Viatu vipya," akasema, meno yakigongana. "Nivitie maji ya chumvi? Si ungeninunia."

"Na kwa nini hukuita, mama?"

"N'liita. N'liita mno. Mashine yenu ina kelele." Akajifuta uso kwa kanga. "Kisha n'kaona nikiita nachoka. N'kanyamaza n'simame."

Juu melini watu walimpokea kwa vigelegele. Nahodha alimvisha koti lake, akampeleka chumbani kwake mwenyewe, akamkalisha kitandani, na akatoka bila kuniangalia. Nilimletea chai ya tangawizi. Mikono yake ilikuwa na mikunjo ya maji, kikombe kikagonga meno. Mwalimu na mkewe walikuwa juu na wengine. Tulikuwa wawili tu, na injini inaenda polepole sasa, kama mtu anayepona homa.

Akanywa nusu kikombe. Kisha akauliza, bila lawama yoyote, kama anavyouliza nani kamletea maji ya kisima. "Nani aliyeona sipo?"

"Mimi, mama," nikasema.

Akaniwekea mkono kwenye goti, akaupigapiga. "N'lijua," akasema. "N'lisimama pale n'kasema, yule mwenye wasiwasi wake ataona tu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Chai ilikuwa haijaisha. Nikainama nikamkausha miguu kwa taulo, kidole kimoja kimoja, mpaka nafasi ikapita.

Nahodha hakunifukuza. Siku ya pili aliniita, akaniambia kuanzia sasa nitaita majina, na kila anayeitwa ataniamkia kwa mkono, uso kwa uso, anayekataa asipande. Rafu ipo bado, lakini ni ya viatu tu. Sikubishana. Abiria wengine hucheka, wengine huona ni heshima ya Kitanga. Mimi nashika kila mkono nausubiri uwe na joto ndipo niuachie.

Mama alirudi Tongoni baada ya siku mbili. Sikumshika. Kule alikuwa mtu mwingine mtaani. Kila aliyekuja kumpa pole alihadithiwa, na kwa kila mgeni hadithi ilinenepa: meli nzima ya chuma, ya Wajerumani, imegeuzwa baharini kwa ajili yake yeye mwanamke mmoja wa Tongoni. Nilipokwenda kumwona wiki zilizofuata nilikuta majirani wakinisalimu kwa heshima mpya. "Ndiye huyu," mama akiwaambia. "Watu wote wala hawana habari. Huyu kaona sipo." Nilikuwa natafuta kazi ya kufanya jikoni. Nikaanza kuogopa jambo jipya, dogo na la kipuuzi, lakini lilinikaa rohoni kuliko kisima: kwamba siku moja yule mwalimu atakwenda Tongoni. Aliniomba namba siku ile. Alisema anataka kuleta wanafunzi wake kuona magofu na makaburi ya kale ya Tongoni, na akifika atamsalimia mama yetu. Nilimwambia karibu. Kisha kila simu ya namba ngeni ikawa inanishtua.

Miezi miwili ikapita, hakupiga. Nikaanza kujisahaulisha.

Nikaenda tena Tongoni Ijumaa moja, nikamkuta mama barazani na kapu la machungwa, mazuri, makubwa, ya kijani yenye madoa ya manjano. Nikajua si ya sokoni kwao.

"Kaleta nani?"

"Yule mwalimu wa Muheza, wa melini," akasema. "Kaja na mkewe na watoto wa shule, wiki ilopita. Wao waliona makaburi, yeye kakaa hapa na mie hata adhuhuri. Mtu mzuri sana. Tumezungumza yote, hata ile soda alonitafutia chombo kizima."

"Yote?"

"Yote, mwanangu." Akanisogezea kisu. "Hebu menya."

Nilimenya. Kisu kilikuwa butu, ganda likakatika vipande vipande, na nikawa nangoja aseme. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kilio. Lakini alikuwa anakunja ukili wake, anasuka, anahema kidogo kwa pua kama kawaida yake, na mara akapiga hodi shemeji yake kutoka Pangani ambaye hakuwa amekuja tangu mambo yale yatokee. Nikampa shikamoo, nikampisha mkekani. Baada ya kuulizana hali, mgeni akasema amesikia habari za bahari lakini kwa midomo ya watu, anataka kuzisikia kwa mwenyewe.

Mama akaweka ukili chini. Akaanza mwanzo, na ndala, na kome, na fungu. Safari hii hakuongeza chumvi nyingi. Akaeleza jinsi maji yalivyomfika gotini, kisha mapajani, na jinsi alivyoiona meli ndogo kama kisahani. Nikajua anakaribia pale. Nikashika chungwa moja nikaacha kumenya.

"Sasa kule melini," akasema mama, "watu wanakula, wanacheka, hakuna mwenye habari." Akanyoosha mkono akachukua kipande cha chungwa kutoka kwenye sahani yangu, hakuniangalia. "Ni huyu mwanangu. Huyu ndiye aliyeona sipo."

Mgeni akanigeukia, macho yake yamejaa machozi, akaniambia Mungu anilipe kheri kwa nilivyomtazama mzazi wangu. Nikaitikia amina, nikampa chungwa.